Nilimsikia kwa Masikio Yangu Akisema Ameuza Mechi

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa hapa Durban, Afrika Kusini. Nimeoa, nina watoto wawili, na hadi msimu uliopita nilikuwa na kazi ambayo Watanzania wenzangu wakiisikia hucheka kwanza ndipo wanauliza maswali. Nilikuwa kocha wa besiboli. Kocha wa kulipwa, mwenye mkataba!

Sitafuti huruma ya mtu. Nataka mnisome hadi mwisho, na kama ni kunitukana, mnitukane mkiwa mnajua kila kitu...

Mchezo huu niliujulia sekondari, Dar es Salaam, kwa mwalimu mmoja wa kujitolea aliyetoka Japani na begi zima la glovu. Wenzangu walikimbilia mpira wa miguu, mimi nikang'ang'ania gongo la kupigia mpira. Nilipofika Durban nilibeba maboksi kwenye kiwanda kimoja eneo la Jacobs, na siku za mapumziko nikachezea timu ya jirani. Magoti yalipokataa nikaanza kufundisha. Nilikuwa mzuri, nisijifanye mnyenyekevu bure. Klabu ikaniajiri, nami nikaaga kiwanda kwa mbwembwe zote.

Mkataba wangu wa mwisho ulikuwa na sharti moja tu. Nikiifikisha timu fainali ya ligi ya mkoa, naongezewa miaka mitatu. Nisipoifikisha, kwaheri. Sasa fikirieni, kwa umri huu, kurudi kubeba maboksi na vijana wa miaka ishirini! Usingizi wangu wote, hamu yangu ya kula, kila kitu kilikuwa kwenye fainali ile.

Na niseme jingine mapema, maana ndilo lililoniua. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikikuta watu wananong'ona, najua wananisema mimi. Mke wangu, Thandi, akichelewa kupokea simu, namuuliza alikuwa na nani. Nilidhani ndiyo akili hiyo. Nilidhani watu wasioshuku ni wapumbavu waliobahatika.

Msaidizi wangu aliitwa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, mdogo wangu kwa miaka minane. Alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda Albert Park, huko huko alikoishi na mkewe, Mama Gracia, ambaye ni msusi. Besiboli aliijifunza kwa kusimama nje ya uzio wetu akitazama. Siku moja aliniita pale uzioni akanieleza kwa nini kila mpira wa mrushaji wangu unapigwa. Nilikasirika, kisha nikaenda kuangalia... Alikuwa sahihi! Wiki iliyofuata nikamwingiza ndani.

Tulifanya kazi pamoja miaka minne. Uwanjani tulizungumza Kiingereza kwa ajili ya wachezaji. Kiswahili kilikuwa chetu wawili, na humo, jamani, nilimwonea. Hakumaliza sentensi bila mimi kumsahihisha. Akisema "mipira iko wapi", namwambia ziko si iko, halafu nakumbuka hata mimi nimekosea, ni "iko" kweli, lakini sikubali! Akisema "njo vile" badala ya "ndivyo hivyo", namwigiza kwa sauti ya puani hadi atabasamu.

"Mukubwa," aliwahi kuniambia, "Swahili yako ni ya redio. Ya kwetu njo ya watu."

Nilicheka kwa dharau. Kwangu mimi, mtoto wa Tanga, lugha ilikuwa mali yangu, na Ilunga alikuwa ameiazima tu na kuichakaza.

Sasa niwaeleze kitu kimoja cha mchezo huu, bila hicho hamtanielewa. Kocha wa besiboli husimama kando ya uwanja na kuwaamuru wachezaji kwa ishara za mikono. Anashika kofia, sikio, kifua, mkanda. Nyingi kati ya hizo ni uongo mtupu, za kuwazubaisha wapinzani. Moja tu ndiyo amri. Amri kubwa kuliko zote ni ya kumwambia mchezaji wako achomoke mbio kuiba kituo kinachofuata kabla wapinzani hawajashtuka. Wakiijua ishara yako, wanamsubiri pale pale na mpira mkononi, na mtu wako amekwisha.

Msimu uliopita wapinzani wakaanza kutusubiri.

Mechi ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mechi ya pili nilibadilisha ishara zote asubuhi ile ile, na bado, kila nilipomtuma mtu kuiba, alikuta wameshajipanga! Mechi ya tatu machale yakanicheza kweli kweli. Nilimtuma mkimbiaji wangu mwenye kasi kuliko wote. Alipochomoka, mrushaji wao alikuwa ameshageuka. Hata hakuharakisha. Alitupa mpira taratibu, na nikaona mtu akitabasamu kwenye benchi lao.

Kuna mtu anauza siri zetu! Ningewaza nini kingine?

Nikaanza kuwachunguza mmoja mmoja. Dereva wa basi la timu, mbona anapenda kukaa karibu tukiwa kikaoni? Mama wa usafi, anafagia nini pale kwa saa nzima? Niliwaamuru wachezaji waache simu zao kwenye kikapu kabla ya mazoezi. Mmoja akanung'unika, "Eish, kocha, sasa tumekuwa wafungwa?" Huyo nikamwekea alama ya kuuliza kichwani.

Mtu pekee aliyejua kila ishara, kila mabadiliko, kila saa, alikuwa Ilunga. Lakini moyo ulikataa. Nilimzunguka kama mtu anayezunguka shimo.

Hadi siku niliyopita soko la Warwick Junction mchana, natafuta dawa ya mgongo kwa wauza mitishamba. Kwenye kibenchi cha mama mmoja muuza chakula nikamwona Ilunga amekaa na jamaa wa makamo, mpiga video anayerekodi mechi za ligi. Jamaa yule alikuwa amevaa kofia ya wapinzani wetu, wale wale waliotufunga mechi ya tatu! Akampa Ilunga bahasha ndogo. Ilunga akaitia mfukoni haraka, akatazama huku na huku.

Nilijificha nyuma ya nguzo. Mimi, mtu mzima, nimejificha nyuma ya nguzo!

Kesho yake mazoezini nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, jana mchana alikuwa wapi. Akajibu bila kunitazama usoni.

"Kwa kibanda, Mukubwa. Kazi ilikuwa mingi."

Alinidanganya! Kumbe yule mpole, mcheka ovyo, anaweza kudanganya namna hii! Tangu dakika ile sikumwona tena Ilunga niliyemjua. Nilimwona mtu mwingine aliyevaa sura yake.

Siku tatu baadaye nikayasikia yale maneno.

Nilikuwa naenda stoo ya vifaa kuchukua mipira. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ilunga alikuwa ndani anaongea na simu, kwa Kiswahili cha kwao, kile cha haraka haraka anachokitumia na watu wake. Nikasimama. Nikasikia kila neno.

"Ndiyo, nimeisha uza mechi. Zote tatu. Lakini Mukubwa asiyue kwanza. Akiyua, itamuumiza roho."

Ndugu zangu, niliisahau hata mipira niliyoijia. Nani kati yenu asiyejua maana ya kuuza mechi? Tangu utotoni tunasikia beki fulani kauza mechi, kipa fulani kauza mechi. Na huyu hapa, mtu niliyemtoa nje ya uzio, anasema kwa mdomo wake ameuza zote tatu, na nisijue!

Nyumbani nilimsimulia Thandi yote. Mke wangu ni Mzulu, Kiswahili chake hakizidi salamu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: umemuuliza?

Nikamfokea. Nimuulize nini tena, na nimesikia kwa masikio yangu? Yeye anajua Kiswahili kuliko mimi?

Asubuhi nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa klabu, mzee mmoja wa Kihindi, mwalimu mstaafu, mtu mpole asiyependa kelele. Nikamweleza kwamba msaidizi wangu anauza ishara zetu, na kwamba nimemsikia akikiri. Mzee alisikitika sana. Alisema lazima tumsikilize kwanza. Kwa hiyo akamwita ofisini, mimi nikiwepo.

Hapo ndipo panaponikosesha raha hadi leo. Maana alisikilizwa, na aliyekuwa anasikiliza ni mimi.

Nilimgeukia kwa Kiswahili kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Nikamuuliza, "Ilunga, uliuza mechi au hukuuza?"

Alishtuka. Alinitazama kama mtoto aliyefumwa na kitu alichokuwa amekificha.

"Nani alikuambia?" akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Niliuza, Mukubwa. Zote tatu. Nilitaka nikuonyeshe..."

Nikuonyeshe! Kwetu mtu akikwambia atakuonyesha, anakutishia. Damu ilinichemka. Akatia mkono mfukoni akatoa flashi ndogo, akaninyooshea. Nikaipiga mkono ikaanguka chini. Nikamwambia awapelekee waliomtuma.

Mwenyekiti akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama aliyoniambia ni kweli. Ilunga akasema ni kweli, amefanya, lakini amefanya kwa ajili ya kocha... Mzee akainua mkono. Alisema imetosha. Alisema ni vizuri amekuwa mkweli.

Nilimwona Ilunga akiinama kuokota flashi yake. Alikuwa anatafuta maneno, nami nilifurahi kwamba hakuyapata. Ndiyo, nilifurahi! Mbona niwafiche?

Alifukuzwa siku ile ile, na taarifa ikaenda kwa klabu zote za mkoa. Hakuna iliyomtaka tena. Habari zikashuka hadi Albert Park, zikaingia kanisani kwao, na wateja wakaanza kukipita kibanda chake, maana nani atampa simu yake mtu anayeuza siri za watu? Nilisikia haya yote. Nilisema ajute mwenyewe.

Nikatunga ishara mpya, ambazo Ilunga hakuzijua hata moja. Mechi iliyofuata nilisimama kifua mbele. Nikamtuma mtu kuiba...

Walikuwa wanamsubiri.

Nikamtuma wa pili. Walikuwa wanamsubiri! Jamani! Ina maana Ilunga alikuwa na mwenzake ndani ya timu? Nani? Nilikuwa kama mtu mwenye wazimu. Nilimwondoa mchezaji mmoja kwa sababu binamu yake anafanya kazi na nahodha wa timu nyingine. Nilimfukuza dereva asikae karibu na benchi. Wachezaji wakaacha kunitazama usoni, nami nikasema ahaa, wana la kuficha!

Nusu fainali tulifungwa. Mkimbiaji wangu wa mwisho alikamatwa akiwa bado hajafika hata nusu ya njia, baada ya mimi kumtuma. Mwenyekiti alinipa mkono, akanishukuru kwa miaka yote, na mkataba ukafia hapo.

Miezi miwili nilikaa nyumbani nikiulaani ukoo mzima wa Ilunga. Nilimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba Mkongomani amenila. Hata asiyetaka kusikia nilimwambia.

Kisha Jumamosi moja asubuhi Thandi alinituma samaki wakavu. Nikaenda kwa mama mmoja Mkongomani mwenye meza yake Albert Park, sombe, yaani kisamvu, upande huu, samaki upande ule. Sikuwahi kumwona kabla. Nikasimama mbele ya meza yake natazama samaki. Akanichangamkia.

"Papa, karibu. Unauza nini leo?"

Nikamwambia kwa kiburi changu kile kile, mama, mimi siuzi kitu, wewe ndiye unayeuza, mimi nimekuja kununua.

Akacheka hadi akashika kiuno.

"Weye njo unauza, papa! Unatoa franga, unabeba samaki, umeuza. Miye njo nauzisha!"

Mama wa meza ya pili akadakia, eti Watanzania hawa wana Kiswahili cha kinyume. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilimuuliza tena, polepole. Kwenu, mtu akisema nimeuza samaki, ana maana gani? Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa. Ana maana samaki ni yake, akaniambia. Amelipa, amepeleka kwake.

Nimeisha uza mechi. Zote tatu...

Sikumbuki kama nilichukua samaki. Miaka minne nilimsahihisha Ilunga kila neno, ila hili moja halikuwahi kupita kati yetu, kwa sababu vifaa vyote viliagizwa na klabu na sisi wawili hatukuwahi hata kwenda dukani pamoja. Nikaelekea kwa Ilunga. Nyumba yao ilikuwa mitaa mitatu kutoka pale, ghorofa ya sita.

Mama Gracia alinifungulia mwenyewe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Papa kocha," alisema. "Umechelewa."

Yeye ndiye aliyekuwa kwenye simu siku ile. Alinieleza yote akiwa amesimama, mikono imeshika kanga. Ilunga alikuwa amezinunua video za mechi zile tatu kwa mpiga video, ndiyo bahasha ile, kwa pesa ya kibanda chake, ili atafute siri inavujia wapi. Na alikuwa ameshaipata. Alishindwa tu kujua ataniambiaje. Hakutaka nipate aibu mbele ya wachezaji. Mle ofisini alidhani nimekasirika kwa sababu alikwenda kununua kwa mtu wa upande wa pili bila ruhusa yangu. Kwamba anatuhumiwa kuuza siri walikuja kujua wiki iliyofuata, kanisani, kwa midomo ya watu. Mama Gracia alimsihi aje kunieleza. Akakataa. Alisema, kama baada ya miaka minne naweza kumfikiria hivyo, aje kueleza nini?

Akaichukua flashi kwenye kabati, akaitia kwenye kompyuta, akaniacha peke yangu sebuleni.

Nikajiona. Nashika kofia, sikio, kifua, ishara za uongo, na macho yangu yako kwa mchezaji wangu. Kisha inafika amri ya kweli... na hapo hapo nageuza shingo na kulitupia jicho benchi la wapinzani, kuona kama kuna anayeniibia! Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena. Kila mara! Ishara ya uongo, sigeuki. Amri ya kweli, nageuka. Hawakuhitaji kujua kofia wala mkanda. Walisubiri tu jicho langu la mashaka, nalo likawaambia kila kitu.

Nani aliyeuza mechi zile, ndugu wasomaji? Mimi. Tena bure.

Nililia kwenye kiti cha watu, kwa sauti, na Mama Gracia hakuja.

Ilunga nilimkuta mchana ule kwenye maegesho ya ufukweni, analinda magari, amevaa koti la njano la walinzi. Kibanda kilishafungwa. Nilimshika mikono, nikamwomba msamaha mbele ya watu waliokuwa wanashusha watoto na mipira ya kuchezea majini. Nilimwambia kuhusu mama wa samaki. Nilimwambia nimeona video. Alinisikiliza akiangalia magari, maana alikuwa kazini.

Nilipomaliza akanijibu kwa Kiingereza. Alisema hakuna tatizo, sir. Amenisamehe, sir.

Nikamsihi aniambie kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa.

Nilirudi kwa mwenyekiti, nikaandika barua kwa ligi na kwa kila klabu, nikaeleza kosa ni langu, na kwamba kwao kuuza ni kununua. Nilisimama hata kanisani kwao, mgeni mimi, nikasema. Jina lake limesafishwa, na klabu moja ya upande wa kaskazini imemchukua. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la mabati. Hakuna klabu iliyonipigia, wala sishangai.

Ndugu zangu mlio ugenini, na hata mlio nyumbani, nawaomba msifuate njia yangu. Mkisikia neno la mwenzenu likawachoma, muulizeni kwao lina maana gani. Na mkimuuliza, mwacheni amalize. Mimi niliuliza nikiwa na jibu tayari, na hilo si swali. Msidhani kwa sababu mnazungumza lugha moja basi mmeelewana. Na ninyi mnaoshuku kila mtu kama nilivyokuwa mimi, mkijiita wajanja, kuna siku mtamgeukia mtu asiye na kosa, na mtakuwa na ushahidi wote.

Tunakutana mara moja moja mjini, mimi na Ilunga. Ananipa mkono, anauliza hali ya Thandi na watoto, kwa heshima, kama anavyosalimiana na mtu wa ofisini. Kwa Kiingereza. Namjibu kwa Kiswahili, tena hata chake, na "njo" na "iko" naweka. Anasubiri nimalize, kisha anasema, thank you, sir, na kuvuka barabara.